Udongo wa Nakuru Ubaki Nakuru

Barua ya mwenye nyumba ilinikuta kwenye cherehani, katikati ya Desemba 2022, nikiwa nimezungukwa na vitambaa vya sare za shule. Ploti imeuzwa, tuhame kufikia mwisho wa Machi. Haikuzidi mistari sita. Tulikuwa tumekaa Section 58, mtaa wa Nakuru, miaka 16, na pa kwenda tulikuwa napo, maana mzee wangu, baba watoto, alikuwa ameshaezeka nyumba yetu Kibos, nje kidogo ya Kisumu. Kwa hivyo sikuilia nyumba. Nilitoka nje nikaenda kusimama karibu na ukuta wa nyuma, mahali penye maua ya Shosho, aliyekuwa bibi jirani yetu. Wanaonunua ploti kama ile huja na tingatinga, na tingatinga haliulizi cha nani.

Maua yenyewe ni delili. Wengi huyapita bila kuyajua jina: majani marefu membamba yanayoinama kama nyasi pana, na katikati yake huchomoza kikonyo kinachonifika kiunoni, kileleni kina matumba kadhaa. Tumba moja hufunguka alfajiri, hukaa wazi mchana kutwa, na jioni limesinyaa. Kesho ni zamu ya lingine. Wataalamu wameliita Hemerocallis, kutoka maneno mawili ya Kigiriki, siku na uzuri. Si yungiyungi la majini, wala si lili inayoota kutoka kwenye kitunguu. Ukiichimbua unakuta mizizi minene iliyovimba kama vidole vya mtoto, imejaa maji na chakula. Hiyo mizizi ndiyo iliyonipa moyo wa kuhama nayo.

Shosho alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili. Ujana wake aliufanyia kazi kwenye bustani ya familia moja ya walowezi upande wa Njoro, na uhuru ulipokuja familia ile ikafunga mizigo kurudi kwao. Mama wa nyumba alimwambia achukue anachotaka. Wenzake walichukua masufuria na viti. Yeye alichimbua shina moja la maua ya rangi ya chungwa, akalifunga kwa gunia lililoloweshwa maji, akalibeba mgongoni. Mpaka anazeeka aliyaita maua ya memsabu. Kila nyumba aliyohamia hapo Nakuru alikwenda nayo, na kila alipoondoka alimwachia mtu kipande.

Mimi alinipa kipande changu mwaka 2008. Januari ile mji ulipowaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, sisi tuliondoka usiku, mzee wangu akiwa Mjaluo na mimi Mmaragoli, tukakaa kwa wazazi wangu Vihiga mpaka Machi. Nilikuwa nimeshajiambia nikirudi nitakuta kuta tupu. Nilikuta Shosho ana ufunguo wetu kiunoni, na cherehani yangu iko chini ya kitanda chake, imefunikwa blanketi. Sikujua niseme nini. Yeye hakutaka niseme. Alikwenda nyuma na jembe, akarudi na machipukizi manne yakichuruza udongo, akasema, "Sasa panda kitu, ndio nijue umekaa." Nikapanda. Alifariki mwaka 2019.

Nimeieleza habari hiyo ili ieleweke kwa nini sikutaka kusikia maneno ya "utanunua mengine Kisumu." Na kuna sababu nyingine, ambayo niliigundua polepole. Miaka yote ile sikuwahi kuona mbegu hata moja kwenye delili za Shosho. Ua linasinyaa, linadondoka, kikonyo kinakauka, basi. Baadaye nilisoma kwamba delili ya rangi ya chungwa iliyosambaa zaidi duniani ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, ndiyo maana haizai mbegu. Asili ya mmea ni Asia, pande za China na Japani. Sasa fikiria: mmea usio na mbegu umetoka huko, ukavuka bahari, ukafika Njoro, na kila hatua ni lazima kulikuwa na mtu aliyeinama akachimba, akagawa, akabeba. Hauwezi kupeperushwa na upepo ukaota kwa jirani, wala ndege hawezi kuudondosha mahali. Nilichokuwa nacho ukutani ni mmea uleule wa Shosho. Tingatinga likiupita, umekwisha.

Nilikuwa na miezi mitatu, na nusu yake ni kiangazi. Januari na Februari udongo wa Nakuru ni vumbi tu, ule udongo mwepesi wa kijivu wa majivu ya volkano, ukipiga jembe unaruka mpaka machoni. Sikuchimba. Mmea huu ni mgumu na unaweza kung'olewa karibu wakati wowote, lakini kuung'oa na kuupanda kwenye jua kali bila maji ni kuutesa bure. Nilisubiri mvua za Machi. Muda huo nilifanya kazi moja muhimu: nilikata vipande vya kitambaa na kuvifunga kwenye mashina. Chekundu kwa yale ya Shosho ya rangi ya chungwa, cheupe kwa ya manjano niliyonunua mwenyewe kwenye vitalu vya kando ya barabara. Bila maua, majani yanafanana kabisa. Ukishakata na kuchanganya kwenye gunia, hutayajua tena mpaka yachanue, na kuchanua kwenyewe kunaweza kuchukua mwaka na zaidi.

Tulichimba tarehe 23 Machi, siku mbili baada ya mvua nzuri, mimi na kitinda mimba wangu. Usichimbe karibu na shina. Nilipima inchi nane kutoka majani ya nje, nikazunguka na fokojembe pande zote nne kabla ya kuinua, kwa sababu ukiinua upande mmoja kwanza unakata mizizi ya upande wa pili. Shina la kwanza lilikuwa kubwa kuliko beseni la kufulia. Tuliliinua wawili, tukaliburuta mpaka kwenye mfereji, nikalifungulia maji.

Hapa ndipo nilipofurahi kuliko kazi yote ya kuhama. Udongo ukianza kutoka, unaona kwamba kile ulichodhani ni kitu kimoja ni umati wa machipukizi yaliyokumbatiana. Kila chipukizi lina majani yake yamepangwa huku na huku, moja juu ya lingine, bapa kabisa, kama marinda ya sketi ya shule yakiwa yamepigwa pasi. Ukishaliona rinda lenyewe, unajua pa kushika. Nilishika machipukizi mawili chini kabisa, pale jani linapokutana na mzizi, nikayayumbisha taratibu mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka nikasikia mlio mdogo, kama karoti mbichi inavyokatika, yakaachana kila moja na mizizi yake. Yaliyokataa niliyakata kwa kisu cha jikoni nilichokichemsha. Mkasi wangu wa vitambaa sikuugusa, na mwanangu alipoushika nilimwambia aurudishe mahali pake.

Mashina matatu ya Shosho yalinipa machipukizi 60. Mizizi iliyooza na ile laini niliikata. Majani niliyapunguza yote yakabaki inchi sita. Inauma kuyakata majani mabichi mazuri, lakini mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kunywesha majani marefu, na majani marefu yasiyopata maji yanaumaliza mmea. Kukata majani ni kuupumzisha.

Ishirini niliyaacha Nakuru. Yaligawanyika: jirani wa mbele, mama wa kanisani ambaye ana uani mkubwa Kiamunyi, na mwalimu wa shule niliyoishonea sare miaka mingi, aliyeyapanda kando ya bendera. Yangu ya manjano niliyagawa karibu yote. Naamini hiyo ndiyo haki ya mmea usio na mbegu, uwe kwenye nyumba nyingi, ili ukifa kwa mmoja uweze kuurudia kwa mwingine. Shosho alifanya hivyo bila kufundishwa na mtu.

Yaliyobaki, 40, niliyafunga kwa namna tatu, si kwa ujuzi bali kwa sababu vifaa viliniishia. Kumi na tano yaliyooshwa niliyaanika kivulini nusu siku mizizi ikauke maji ya juu, kisha nikayalaza ndani ya gunia la katani lenye unyevu kidogo. Kumi na tano niliyaacha na udongo wake, nikayapanga kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa chini. Huo udongo niliupenda. Nilitaka yafike Kibos yakiwa bado yamesimama katika udongo alioukanyaga Shosho. Kumi ya mwisho niliyatia kwenye nailoni iliyokuwa ndani ya gunia la mbolea, nikaifunga mdomo yasikauke njiani.

Tulisafiri Jumamosi, tarehe 25 Machi. Dereva wa kanta alipoona ndoo akasema, "Mama, unabeba nyasi mpaka Kisumu? Kisumu kuna nyasi." Nilimwambia aziweke nyuma ya kiti chake, zisipigwe na upepo, na nashukuru alizipanga vizuri kuliko alivyopanga vyombo. Kutoka Nakuru mpaka Kisumu ni kama kilomita 180. Mau Summit tulipita kwenye ukungu, Kericho kwenye mvua juu ya majani chai, na ukishaanza kuteremka kuelekea Awasi unahisi joto likipanda kupitia sakafu ya gari. Ahero tulikuwa tumevua masweta yote. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni kama mita 1,150. Tofauti hiyo mwili unaijua ndani ya saa nne, na mmea nao unaijua.

Nilidhani nitapanda kesho yake. Sikupanda. Nyumba haikuwa na maji siku mbili, fundi wa stima hakuonekana, na vitanda vilikuwa vimefunguliwa vipande. Delili zilikaa barazani siku sita. Siku ya sita nilipofungua ile nailoni, harufu ilinirudisha nyuma. Machipukizi saba kati ya kumi yalikuwa yameoza shingoni, yakawa ute wa kahawia. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Yale ya gunia la katani, yaliyokuwa yamelala makavu bila udongo hata punje, yalikuwa mazima yote kumi na tano, na mawili yameanza kutoa ncha nyeupe za mizizi mipya. Mizizi ile minene hubeba akiba yake. Inachohitaji safarini ni kivuli na hewa. Joto na unyevu uliofungiwa ndivyo vinavyoiua.

Udongo wa Kibos ni habari nyingine kabisa. Ni mweusi, mzito, wa mashamba ya miwa. Ukiwa mkavu unapasuka nyufa za kupitisha mkono, ukiwa umelowa unashika kiatu na kukataa kukirudisha. Mzee wangu aliukulia na haoni tatizo lake. Mimi nilichimba shimo la kwanza, nikamwaga ndoo ya maji, nikaenda kupika, niliporudi maji yalikuwa bado yamo. Hapo ningepaswa kusimama nikafikiri. Lakini nilikuwa na haraka ya kuyaona maua ardhini.

Nilibakiwa na machipukizi 33, nikayapanda matatumatatu, mashimo kumi na moja. Kupanda kwenyewe nakueleza kama nilivyofanya, kwa sababu sehemu hiyo niliifanya sawa. Ndani ya shimo unajenga kichuguu kidogo cha udongo. Chipukizi unalikalisha juu yake, na mizizi unaitandaza kuteremka pande zote, kama sketi pana ya mtu aliyekaa kwenye kigoda. Usiikunje, usiirundike upande mmoja. Kisha angalia chini ya majani, utaona sehemu nyeupe inayokoma mahali fulani na kuwa kijani. Mstari huo ndio usawa wa udongo wa zamani. Urudishe hapohapo. Shingo, pale majani yanapokutana na mizizi, ikae chini ya udongo inchi moja, isizidi. Ukilizika zaidi linadumaa, na kwenye udongo unaoshika maji linaoza.

Mashimo manne niliyaweka chini, karibu na ua wa mbele, mahali ambapo mtu akiingia getini angeyaona kwanza. Humo niliweka yale ya ndoo, pamoja na udongo wake wote wa Nakuru. Mashimo saba yaliyobaki niliyapanga karibu na nyumba, mahali palipoinuka kwa sababu mafundi waliacha kifusi cha mchanga na kokoto. Huko niliweka ya gunia na matatu yaliyopona kwenye nailoni, pamoja na matatu ya ndoo yaliyokosa nafasi, ambayo udongo wake ulikuwa umedondoka wote njiani.

Ndani ya wiki mbili majani mapya yalikuwa yametoka kwenye mashimo yote kumi na moja. Kuku wa jirani walichakura mawili, nikayazungushia miiba. Nilitandaza nyasi kavu kuzuia jua, mchwa wakaja, nikaziondoa na kutumia makapi ya miwa yaliyooza, ambayo Kibos hayakosekani. Mwaka 2023 hakuna ua hata moja lililotoka, na hilo sikulihuzunikia. Mmea uliogawanywa unatengeneza mizizi kwanza.

Mwishoni mwa mwaka huo zikaja mvua za El Niño. Anayekaa uwanda wa Kano hahitaji kusimuliwa. Kwetu maji hayakuingia nyumbani, lakini uani yalikaa. Mashimo manne ya chini yalianza kugeuka manjano katikati ya Novemba. Desemba nilivuta jani moja likatoka lote mkononi, bila upinzani, jeupe na laini chini.

Nilichimba nijue. Na nilichokiona sijakisahau. Udongo wa Nakuru ulikuwa palepale nilipouweka, wa kijivu, umbo la ndoo, katikati ya udongo mweusi. Haukuwa umechanganyika hata kidogo. Kuta za shimo zilikuwa zimeng'aa kama chungu. Ule udongo mwepesi ulikuwa unapokea maji yote ya uani, na ule mzito uliouzunguka haukuyaruhusu kutoka. Nilikuwa nimeyapanda maua ya Shosho ndani ya karai. Machipukizi kumi na mawili yalikuwa yamezama katika udongo nilioubeba kilomita 180 kwa mapenzi.

Nilikaa chini pale matopeni muda mrefu. Nilimfikiria Shosho, nikakumbuka kwamba aliponipa machipukizi yake manne mwaka 2008 aliyakung'uta udongo kabla ya kunikabidhi. Nilidhani ni kwa ajili ya usafi, asinichafulie mikono.

Kwa hivyo, ewe unayehama na maua yako kutoka udongo mmoja kwenda mwingine, yaoshe. Yaoshe mpaka mizizi ionekane yote. Mmea na uguse udongo wa mahali unapokwenda kuanzia siku ya kwanza. Na kama udongo huo ni mzito kama wetu, usichimbe shimo na kulijaza kitu chepesi. Inua tuta. Sasa hivi matuta yangu yameinuka futi moja kutoka ardhini, nimechanganya udongo uleule mweusi na samadi iliyoiva, makapi ya miwa na mchanga, na nimepanua upana wake ili maji yapite pembeni. Mvua za Aprili 2024, zilizofurika sehemu nyingi za nchi, zilipita bila kuniharibia hata shina moja.

Ua la kwanza lilifunguka Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, miezi kumi na minne baada ya kuhama. Jioni ya Jumamosi nilikuwa nimeliona tumba limenenepa na ncha yake imeanza kuachana, nikajua ni kesho. Niliamka saa kumi na moja na nusu, nikatoka na kigoda. Kulikuwa bado giza. Petali ya kwanza ilikuwa imeshajitenga na zingine, nyembamba, imejipinda nje kwenye ncha. Halafu muda ukapita bila kitu. Saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa linaanza kugusa paa, nilitazama pembeni kumjibu mzee wangu aliyeniita chai, niliporudisha macho petali tatu zilikuwa wazi. Sikuona zikifunguka. Ndani palikuwa na manjano kooni, kisha ukanda mwekundu uliokolea, kisha rangi ya chungwa mpaka ukingoni, ileile ya ukuta wa Section 58. Mzee wangu alileta chai nje. Yeye si mtu wa maua, lakini alisimama na kikombe chake mpaka kikapoa.

Bibi jirani yetu, Dani kama tunavyomwita, alipita adhuhuri akaliona kupitia ua. Yeye huniita Nyar Maragoli, yaani binti wa Maragoli. Akauliza kama ni mboga, maana majani anayoyajua yeye mengi huishia chunguni. Nilimweleza kwamba Wachina hukausha matumba yake wakayapika, lakini mimi sijapika na simshauri mtu, kwa sababu kuna maua yanayofanana nayo ambayo si ya kuliwa. Jioni akarudi na mjukuu wake kumwonyesha, akakuta limekunjamana kama kitambaa kilichoshikwa na mkono wa jasho. Alisikitika sana, akadhani kuna kitu kimelipata. Nikamwambia arudi kesho. Alirudi, akakuta la pili. Siku kumi mfululizo alikuja, na siku ambayo hakukuwa na ua alininunia kidogo.

Joto la Kisumu limeyabadilisha. Nakuru ua lilisimama mpaka jua kuzama. Hapa, yale yanayopigwa na jua la magharibi yamelegea saa tisa alasiri. Yaliyo upande wa mashariki wa nyumba, yanayopata jua la asubuhi na kivuli cha nyumba mchana, yanafika jioni vizuri, na vikonyo vyake vina matumba mengi zaidi. Mvua zijazo nitayahamishia yote huko. Binti yangu wa Nairobi ameomba la kuweka dirishani nikamkatalia, ana paka, na delili ni sumu kwa figo za paka, hata akilamba chavua tu.

Wiki iliyopita mjukuu wa Dani alikuja kuaga. Ameolewa, wanahamia Ugunja. Dani alikuwa amemtuma kwangu na gunia la katani, na alikuwa ameshaliloweka. Nilichimba shina moja la mashariki, tukaliosha pamoja kwenye mfereji, nikamwonyesha rinda na mahali pa kushika. Alitenganisha matatu mwenyewe. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye kila moja. Akauliza kama achote na udongo kidogo, wa kuyazoesha.

Nikachukua yale machipukizi mkononi mwake, nikayakung'uta tena.